Rangi ya Ukuta Isimmeze Mhusika

Msikilizaji, unataka kutengeneza filamu ya vikaragosi kwa simu yako? Ile ya kumsogeza mwanasesere kidogo, kupiga picha, kumsogeza tena. Mwili wa waya umeshaukunja, plastisini umeshaibandika, na boksi la viatu limegeuka sebule. Vizuri. Sasa tuzungumze rangi.

Rangi ya ukuta isimmeze mhusika. Unaweza kuwa na mwanasesere mwekundu na ukuta wa kijani, ukadhani umemaliza. Lakini kama rangi zote mbili zimekoza sawasawa, mtazamaji atamtafuta kwa shida.

Jaribu hivi. Msimamishe kwenye seti. Washa taa. Piga picha, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Bado anaonekana? Kama amezama ukutani, pausha ukuta, au mkoleze yeye. Narudia: rangi ya ukuta isimmeze mhusika.

Na upake rangi ya maji, si ya mafuta. Ya mafuta hung'aa, itakurudishia mwanga wa taa.

Rangi husimulia pia. Katika filamu ya Coraline, ya mwaka 2009, mwongozaji Henry Selick aliufifisha ulimwengu wa kawaida. Ulimwengu mwingine, uliofichwa nyuma ya mlango mdogo, akaupa rangi za kuwaka. Coraline, msichana wa filamu hiyo, anavutwa nazo kabla hajaijua hatari. Ujanja ulioje!

Basi leo, paka vipande viwili vya kadibodi, kimoja rangi iliyopauka, kingine iliyokoza. Mjaribu mwanasesere wako mbele ya kila kimoja. Kinachomtoa waziwazi, hicho ndicho ukuta wako.