Kariakor na Deni Letu kwa Wapagazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Uthiru)



 Watu wetu huenda sokoni Kariakor kununua vyondo na viatu, wala hawaulizi jina hilo lilitoka wapi. Ni jina la Carrier Corps, lililogeuzwa na ndimi za wazee wetu. Hicho ndicho kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ambao kambi yao ilikuwa pale. Kariakoo ya Dar es Salaam nayo ina asili iyo hiyo.

Wapagazi hawakupewa bunduki. Walibeba unga, risasi na majeruhi katika nchi ambamo mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Mwaka 1917 vijana wengi walichukuliwa kwa nguvu. Waliofariki kutoka Kenya wahesabiwa kuwa zaidi ya 40,000, na wengi wao waliuawa na kuhara, homa na njaa, si na risasi. Jirani zetu wa Thogoto nao walitoa kikosi mwaka huo, kikiongozwa na Daktari John Arthur wa misheni.

Sanamu ya mpagazi imesimama mjini, katika Kenyatta Avenue, lakini haina majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wengi wa Afrika hawakukumbukwa sawasawa na wenzao.

Ndugu zangu, kukiri deni si kulilipa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 yaruhusu mahali pa historia pahifadhiwe. Basi naomba mambo mawili. Kwanza, chama kiiandikie Makumbusho ya Taifa, kuomba kibao cha kumbukumbu pale Kariakor. Pili, kila nyumba yenye habari za babu aliyechukuliwa imletee katibu jina lake na kijiji chake, yaandikwe daftarini.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali ni hivyo, je, watu? Wenye kuyajua majina hayo wanapungua kila mwaka. Tuanze leo, kabla hatujatawanyika.