Shamba na Samba

Wenye Biblia karibu na wafungue Waamuzi, mlango wa 12.

Humo twasoma habari za Wagileadi waliovishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa alitaje neno Shibolethi. Mwefraimu alipojaribu, sh yake ilitoka s. Akauawa papo hapo. Walikufa watu 42,000.

Hapa Eldoret sauti hiyo twaijua. Mjaluo akisema "samba" badala ya shamba, watoto huangua kicheko. Mkalenjini akisema "pwana", au Mkikuyu akichanganya l na r, naye huigizwa, hata katika shule ya Jumapili. Mtoto wa miaka mitano ameyatoa wapi haya?

Sehemu moja ni ya maumbile. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani na Ufaransa walieleza kwamba mtoto wa miezi mitano au sita humtazama zaidi mtu aliyesema lugha ya nyumbani kwake, na wa miezi kumi hupendelea kupokea kitu cha kuchezea kutoka kwa mtu huyo. Hilo si dhambi. Ameizoea sauti ya mamaye. Lakini mtoto mchanga hamcheki mtu kwa matamshi yake. Kicheko hufunzwa mezani, wazazi wanapomwigiza jirani wakidhani watoto wanakula tu. Hapo ndipo mtoto hujifunza neno "wale".

Nalo neno hilo si dogo. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, wengi wao wanawake na watoto, walichomewa humo ndani. Mashamba na siasa yalikuwamo, hatukatai. Lakini chuki ile ilikuta "wale" limekwisha kukaa vinywani.

Basi mtoto akiuliza kwa nini fulani asema hivi, tusimkemee wala tusicheke naye. Tumweleze kwamba lugha ya mama wa mtu huyo haina sauti hiyo, naye anajitahidi kwa lugha ya pili, pengine ya tatu. Jioni tumsomee Mathayo 26, jinsi Petro alivyojulikana uani kwa Kuhani Mkuu kwa matamshi yake ya Kigalilaya. Kisha tumwulize: Bwana wetu, aliyelelewa Nazareti katika Galilaya iyo hiyo, yeye alitamkaje?