Kila Sauti Isikike
Hotuba ya katibu wa kwaya katika jubilei ya miaka 25



Tumepewa dakika chache tueleze jinsi albamu ya jubilei ilivyotengenezwa. Wengi wenu mlichangia pesa za studio, kwa hivyo mna haki ya kujua kwa nini ilichelewa.

Mnakumbuka albamu yetu ya kwanza. Siku tuliyoisikiliza hapa kanisani, soprano walifurahi na kinanda kilisikika vizuri, lakini akina mama wa alto hawakujisikia hata mstari mmoja. Mmoja wao alisema, "Kumbe sisi tulikuwa tunasindikiza tu." Wawili walikaa miezi mitatu bila kuja mazoezini. Hatukugombana, lakini kidonda kilikuwepo. Safari hii tukakubaliana kwamba kila sauti itatuma mtu mmoja akae na fundi wakati wa kuchanganya nyimbo.

Jioni ya kwanza tulidhani kazi ni rahisi: alto haisikiki, basi iongezwe. Fundi akaongeza, soprano wakafunikwa. Tukaomba soprano waongezwe, ngoma zikapotea. Baada ya saa moja kila kitu kilikuwa juu na hakuna kilichoeleweka. Ilikuwa kama darasa la watoto 60 wanaojibu kwa pamoja: mwalimu hapati jibu hata moja.

Ndipo fundi akatuonyesha ikwalaiza. Sikio la binadamu husikia kuanzia karibu hezi 20, ambayo ni mngurumo mzito, hadi karibu hezi 20,000, ambayo ni mlio mwembamba kabisa. Ikwalaiza hupunguza au kuongeza sehemu moja tu ya ngazi hiyo na kuziacha nyingine zilivyo. Kwanza aliondoa kila kitu chini ya hezi 80 kwenye maikrofoni za soprano na alto. Hakuna mama anayeimba huko chini. Kilichokuwepo ni ngurumo ya malori ya barabara kuu na vishindo vya miguu yetu.

Kisha akatuonyesha kinanda. Ile sauti ya nyuzi tunayoipenda ilikuwa imejaa kati ya hezi 200 na 500, pale pale alto wanapoimbia. Akakipunguza kinanda hapo kwa desibeli 4. Alto hakuigusa hata kidogo, lakini wakatokea! Yule mama wa "kusindikiza" ndiye aliyetumwa na wenzake. Alinyamaza, halafu akaomba wimbo urudiwe.

Jioni ya pili tulishughulikia kupanda na kushuka kwa sauti. Katika ubeti wa pili, kiongozi anaimba taratibu kama anayeomba, na maneno yake yalizama chini ya ngoma. Tukimwongeza wimbo mzima, kwenye kiitikio anakuwa kama anapiga kelele. Hapo fundi akatumia otomesheni. Alichora mstari kwenye kompyuta: panda desibeli 2 kwenye maneno haya, shuka kabla ya kiitikio. Kompyuta hukumbuka na kufanya hivyo kila wimbo unapochezwa. Alifanya vivyo hivyo mahali ambapo besi walimaliza neno kwa pumzi ndogo. Lakini maneno ambayo besi hawakuyatamka kabisa hayakuweza kuletwa na mashine yoyote. Ilibidi turudi kurekodi upya, na ndiyo sababu mlisubiri.

Kazi hii si ngeni katika Bonde la Ufa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha. Hakukuwa na kompyuta. Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza karibu na yule ambaye zamu yake ya kusikika imefika. Vyombo vimebadilika, lakini swali ni lile lile: sasa ni zamu ya nani?

Wapendwa, siku ya Jumapili hatuna kompyuta ya kutupandisha na kutushusha. Otomesheni ni sisi wenyewe. Kiongozi akianza ubeti, tushuke. Mpiga kinanda akisikia alto wanaingia, apunguze vidole. Na vijana wetu wa mitambo, mtu akisema hasikiki, tafuteni kwanza ni nini kimemfunika, kabla ya kumwongeza.

Albamu hii tumeisikiliza kwa spika za studio, kwa simu, na hata ndani ya matatu ya Lanet asubuhi. Kote huko alto wapo. Na wale mama wawili wako hapa mbele leo, wamevaa sare mpya. Tunawaomba radhi mbele ya kanisa kwamba ilituchukua muda mrefu kujua kuwa hawakuwa wamekosea kuimba. Sisi wengine ndio tulikuwa tumekaa mahali pao.