Kabla ya Kujadili Bajeti, Tugawane kwa Mchezo

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wasimamizi wa wadi na wawezeshaji wanaojiandaa kwa vikao vya wananchi kuhusu makadirio ya bajeti.



Nimepewa dakika chache kuzungumzia jambo linaloonekana dogo: namna ya kuwagawa watu katika vikundi. Wengi wetu hulifanya harakaharaka ili tufike kwenye ajenda. Naomba leo tulitazame kwa makini, kwa sababu hapo ndipo huamuliwa nani atasikika.

Chukueni kikao cha kawaida cha wadi. Wazee wameketi mbele kwenye viti. Akina mama wako nyuma, wengine na watoto mgongoni. Vijana wamesimama mlangoni karibu na pikipiki zao. Waliokuja kudai barabara yao wamekaa pamoja. Mwezeshaji akisema, "Haya, jigaweni vikundi vitano," kila mtu humgeukia jirani yake. Kikundi cha barabara kitaandika barabara. Kikundi cha wazee kitasemewa na mzee yuleyule wa kila mwaka. Na mama anayetembea mbali kuteka maji atarudi nyumbani bila kusema neno, ingawa jina lake limo kwenye orodha ya waliohudhuria.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha umma kushiriki katika shughuli zake. Kutia sahihi kwenye orodha hakutoshi. Mtu ameshiriki pale aliposema na mwenzake akamsikiliza, na hilo ni rahisi zaidi mbele ya watu wanane kuliko mbele ya mia mbili.

Kwa nini basi mchezo? Ukimpangia mtu kikundi kwa kidole, atauliza una nia gani. Akipangwa na bahati, hana wa kumshuku. Tena watu wakishacheka pamoja, mgeni huona wepesi kuzungumza. Nawapa njia nne zisizohitaji fedha.

Ya kwanza ni kuhesabu kwa mazao. Mkiwa watu 40 na mnataka vikundi vya watu wanane, hesabuni hadi tano, wala si hadi nane, kisha mrudi mwanzo. Badala ya nambari, kila mtu apewe zao: mahindi, maharagwe, ndizi, muhogo, viazi. Watu husahau nambari zao, lakini mzee aliyeitwa Muhogo mbele ya wajukuu hatasahau. Walioketi pamoja watatengana bila kuambiwa watengane.

Ya pili ni nusu za methali. Mmoja apewe "Haba na haba", mwingine "hujaza kibaba". Mmoja "Mgeni njoo", mwingine "mwenyeji apone". Kila mtu amtafute mwenzake, kisha jozi nne ziungane kuwa kikundi. Msitegemee karatasi pekee. Asiyesoma anong'onezwe nusu yake, naye atacheza sawa na wengine.

Ya tatu tuiite kakakuona. Watu watembee polepole. Mwezeshaji akitaja mnyama, wakusanyike kwa idadi ya silabi za jina lake: twiga, wawili, kiboko, watatu, kakakuona, watano. Mkifika kwa kakakuona, watakuwa wamekwisha kuchanganyika. Watakaobaki waongezwe kwenye vikundi vilivyopo.

Ya nne ndiyo niipendayo zaidi. Watu wapange mstari kwa umbali wa makwao: anayeishi karibu na ukumbi awe mwanzo, aliyetoka mbali awe mwisho. Kisha hesabuni kufuata mstari huo, moja hadi tano. Kila kikundi kitapata watu wa karibu na wa mbali. Zaidi ya hayo, kabla hata zahanati au maji hayajatajwa, wote watakuwa wameona kwa macho ni nani aliyetembea zaidi kuja hapo.

Sasa tahadhari. Mchezo usizidi dakika tano. Msiwarushe watu juu, msiwashikishe mikono wasiotaka, wala msiwalize wazee kama mbuzi. Mwenye kiti cha magurudumu au fimbo abaki alipo, kikundi kimfuate. Asiyesikia asitenganishwe na mkalimani wake wa lugha ya ishara. Yapo pia mambo yasiyofaa kuchanganywa mara moja. Mkijadili wodi ya kujifungulia, waacheni akina mama wazungumze peke yao kwanza, kisha walete hoja zao kwa wote.

Vikundi vikishapatikana, kazi yenu haijaisha. Kila kikundi kichague mwandishi na msemaji, wasiwe mtu mmoja. Kila mtu azungumze mara moja kabla ya yeyote kuzungumza mara ya pili. Bila kanuni hiyo, mzee wetu atakuwa tu amehamisha hotuba yake hadi kikundi kipya.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo nafasi ya kuyabadili hupungua kila siku. Saa mbili tunazokaa na wananchi ni chache, na dakika tano za mchezo zinaweza kuokoa nyingine zote.

Waelezeni wakazi mapema sababu ya mchezo huu. Na wewe mkazi, ukiitwa Muhogo siku hiyo, usirudi kinyemela kwa jirani yako. Nenda ukae na Mihogo wenzako, uwaambie kijiji chako kinahitaji nini.