Ufugaji wa Bata Katika Kisiwa Kikavu

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani, mzaliwa wa Jibondo, katika mkutano wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo litakalomfaa kijana arudipo kwao. Ningeweza kuzungumzia kazi za serikali, maana huko ndiko nipatako mshahara. Lakini nafasi za ofisini ni chache, na uwanja wa nyumba karibu kila mtu anao. Kwa hiyo nitasema juu ya kufuga bata kwetu Jibondo.

Najua wengine mtacheka. Jibondo ni jiwe tupu la matumbawe, udongo wake haba. Kwa miaka mingi maji ya kunywa tuliyategemea ya mvua, na yale yaliyovushwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa cha Mafia. Na bata ni ndege wa maji. Basi fundisho langu ni hili: mfugaji wa kwetu na ahesabu maji kwanza, ndipo achague ndege.

Tuwapime watatu. Bata bukini, ambaye jina lake latukumbusha Bukini, yaani Madagaska, hula nyasi kama ng'ombe. Kiangazi atazipata wapi juu ya jiwe? Bata mzinga ana nyama nyingi na bei nzuri, lakini vifaranga vyake ni dhaifu. Huchelewa kujua kula, hufa kwa baridi na unyevu, na huhitaji chakula bora cha kununua. Tena asichanganywe na kuku, kwani kwao hupata ugonjwa wa ini unaowamaliza.

Anabaki bata wetu wa kawaida, yule mwenye vinundu vyekundu usoni, asiye na kelele. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ila sasa ni mwenyeji. Jike huatamia mwenyewe siku 35, kuku akiwa na siku 21. Kideri kinachofagia kuku humpata kwa nadra, ingawa aweza kukibeba; hivyo kuku wa jirani wachanjwe. Chanjo ya I-2 hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi 3 au 4, nayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani.

Bata huyu hahitaji bwawa. Anataka chombo chenye kina cha kuzamisha mdomo na pua, ajisafishe. Chukua dumu kuukuu, ulikate tundu ubavuni, kichwa kiingie na mwili ubaki nje. Hapo hatayachafua yote. Maji machafu yamwagie mpapai, ni mbolea. Lakini maji ya chumvi usimpe. Si ndege wa bahari huyu, na vifaranga ndivyo huangamia mbele.

Chakula kipo: machicha ya nazi, pumba, makombo ya jikoni, na matumbo ya samaki wabichi wasiotiwa chumvi. Samaki wakizidi, nyama na mayai hunuka shombo. Sisi ni mafundi wa vyombo. Aundaye mashua hashindwi na banda. Maranda ya kazi hiyo, yakiwa makavu, ndiyo matandiko. Usiku funga mlango kwa ajili ya paka na panya, na mchana vifaranga vilindwe na mwewe.

Sasa hesabu. Siku za joto bata mkubwa hunywa kiasi cha nusu lita hadi lita moja. Dume 1 na majike 4 hawazidi lita 5 kwa siku. Wakifika 20, ni ndoo nzima. Kwa hiyo vifaranga vikuzwe wakati wa mvua, na kabla ya kiangazi wengi wauzwe au wachinjwe, wabaki wale watano.

Faida yake mtaiona kusi likivuma, vyombo vimepanda pwani na kitoweo cha baharini hakuna. Bata aliye uani hangoji bahari itulie. Akiuzwa, hununua madaftari.

Vijana, nina neno moja la mwisho. Kwetu ndoo ya maji huwa kichwani mwa mama au dada. Mwenye kufuga bata kwa maji yaliyobebwa na mwingine, huyo hakufuga. Amemwongezea mwenziwe mzigo. Anayetaka bata na ateke maji yao kwa mkono wake, kila siku. Akiweza hilo, na aanze. Akiona zito, apunguze bata.