Vali ya Moyo: Tuulize Kabla ya Upasuaji
(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tumekuja na jambo lililotufikia katika kikundi kimoja tunachokitembelea. Binti wa mwanachama, miaka 23, ameolewa na hajapata mtoto bado. Akipanda kilima kidogo anahema, na usiku hawezi kulala chali. Hospitalini aliambiwa vali ya moyo imeharibika, lazima ibadilishwe. Kisha akaulizwa, "Unataka ya aina gani?" Binti alinyamaza. Mama yake akatuuliza sisi, na tuseme ukweli, hata sisi hatukujua. Basi tulikwenda kuuliza.

Moyo una vali nne. Mnaijua vali ya baiskeli: upepo unaingia, haurudi. Vali za moyo hufanya hivyo kwa damu. Hapa kwetu, vijana wengi wenye shida hii walianza na koo walipokuwa watoto. Koo halikutibiwa vizuri, ikafuata homa ya baridi yabisi, viungo vikavimba, na vali zikabaki na makovu.

Kwanza, muulize daktari: vali hii haiwezi kurekebishwa bila kubadilishwa? Ikiwa haiwezekani, ziko aina mbili.

Ya kwanza hutengenezwa kwa kaboni ngumu na chuma. Hiyo hudumu miaka mingi sana, pengine maisha yote. Lakini damu hupenda kuganda juu yake. Kwa hivyo mgonjwa atameza dawa iitwayo warfarini kila siku mpaka mwisho wa maisha, na kupimwa damu mara kwa mara kipimo kiitwacho INR. Dawa ikipungua, damu huganda, ikaziba vali au kuleta kiharusi. Ikizidi, mtu hutoka damu. Asitumie aspirini wala miti shamba bila kumwuliza daktari. Sukuma wiki ale, ila kwa kiasi kilekile kila wiki.

Ya pili hutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Mwenye dini inayomzuia aulize mapema. Mara nyingi warfarini huhitajika miezi michache ya kwanza tu. Lakini vali hii huchakaa. Kwa wazee wengi hufika miaka 10 hadi 15 au zaidi. Kwa vijana huchakaa upesi zaidi, na upasuaji wa pili utakuja.

Mnaona? Daktari anaujua moyo, lakini nyumbani kwako hapajui. Mwambie haya:

1. Kliniki inayopima INR iko umbali gani? Nauli ni ngapi, na mvua ikinyesha barabara inapitika?

2. Mgonjwa anataka kuzaa? Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza. Na mama mwenye vali ya chuma akiiacha mwenyewe, vali inaweza kuziba akafa. Aonane na daktari kabla ya kushika mimba.

3. Upasuaji wa pili utalipwaje? NHIF iliondolewa mwaka 2024, sasa ni SHA. Ulizeni itagharamia kiasi gani kabla ya kuitisha harambee.

Yule binti alikaa na mumewe, wakajibu maswali hayo. Kliniki ilikuwa matatu mbili kutoka kwao, na walitaka watoto. Walichagua ya ng'ombe, wakijua kwamba watarudi kwa upasuaji. Kikundi kikaanza kuweka akiba ya siku hiyo mapema. Hatusemi kila mtu achague hivyo. Kijana mwingine anayeishi karibu na hospitali, asiyeogopa dawa ya kila siku, anaweza kuchagua ya chuma, na asiwe amekosea.

Kwa vali zote mbili, mgonjwa amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino. Aliyeugua baridi yabisi asiache sindano za penisilini mpaka daktari aseme. Akiwa anameza warfarini, amwambie muuguzi kabla ya kudungwa.

Na mtoto wako akilia koo, mpeleke dispensari. Dawa ya koo ni rahisi kuliko vali yoyote.

Sasa tupokee maswali.