Ukishabofya Sasisho Bandia: Namna ya Kuisafisha Kompyuta



Mwezi Septemba 2003 zilienea duniani barua pepe zilizoonekana kutoka kampuni ya Microsoft. Zilikuwa na maelezo marefu ya kitaalamu na kiambatisho kilichodaiwa kuwa sasisho la usalama. Kumbe kilikuwa kirusi, kilichokuja kujulikana kwa jina la Swen. Kilizima programu za kuzuia virusi, kisha kikaonyesha ujumbe bandia wa hitilafu uliomtaka mwenye kompyuta aandike anwani yake ya barua pepe na nywila yake.

Ujanja huo haujazeeka. Mwaka 2019 ulirudi kwa barua fupi iliyowahimiza watu wasakinishe sasisho la Windows; kiambatisho chake kilijifanya picha, na aliyekifungua alikuta mafaili yake yamefungwa, anadaiwa fidia. Ikumbukwe kwamba Microsoft haitumi masasisho kwa kiambatisho cha barua pepe. Sasisho la kweli hupatikana ndani ya mipangilio ya kompyuta yenyewe.

Lakini leo nazungumza na aliyekwisha kubofya. Nami nilikuwa mmoja wao, nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Nilipotambua kosa langu, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuingia katika akaunti yangu ya benki, kwa kompyuta ileile, ili nione kama fedha zipo. Zilikuwapo. Hata hivyo, kama kirusi kile kilikuwa cha aina inayonasa kila herufi inayoandikwa, basi nilikuwa nimemkabidhi mwizi ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya yote, itenge kompyuta na mtandao. Zima Wi-Fi, chomoa waya au modemu, na kama unatumia intaneti ya simu, zima uunganishaji huo. Usichomeke flashi, flashi hiyo ndiyo itakayokwenda kuambukiza kompyuta ya jirani au ya duka la kuchapishia. Ikiwa kompyuta ni ya ofisi, ishia hapo na umjulishe mtaalamu wa ofisi mara moja, hata kama unaona aibu.

Kisha chukua kifaa kingine kilicho salama, ubadilishe nywila. Anza na ya barua pepe, kwa kuwa anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine nyingi. Kama uliwahi kufanya miamala ya benki kwa kompyuta hiyo, ipigie benki yako simu.

Ndipo usafishaji uanze. Watu wengi huendesha uchunguzi wa kawaida, huona haukupata kitu, wakaridhika. Kirusi kinachoamka pamoja na Windows kinaweza kujificha mbele ya uchunguzi huo. Ndiyo maana Microsoft Defender, iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, ina uchunguzi wa aina nyingine: kompyuta hujizima na kuwaka upya, ikachunguzwa kabla Windows haijaamka. Huchukua kama dakika 15. Hifadhi kwanza kazi uliyoifungua, na baada yake endesha uchunguzi kamili wa diski nzima.

Dalili zikiendelea, njia ya uhakika zaidi ni kufuta diski na kusakinisha Windows upya. Rudisha nyaraka na picha zako kutoka nakala iliyohifadhiwa kabla ya tukio. Programu zipakue upya kwa watengenezaji wake.

Ikiwa mafaili yamefungwa, usiharakishe kulipa. Kulipa hakuhakikishi kwamba yatafunguliwa. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure zana za kufungulia baadhi ya aina za kufuli hizo. Yatunze mafaili hayo hata kama zana yake haijapatikana bado.

Na ukimpelekea fundi, muulize kabla hajaanza: atafuta nini, na Windows atakayoweka ni halali au ya kuchakachua? Nakala za kuchakachua mara nyingi huja na virusi vyake. Mimi sikuuliza. Fundi alinirejeshea kompyuta safi kabisa, bila sura mbili za tasnifu yangu.